Kifundo Kwenye Kiti cha Kinyozi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku njema isipokuwa kidole. Nilikuwa napigilia msumari, akapita mtu amebeba keki ya harusi peke yake, nikamsindikiza kwa macho. Nyundo haikunisubiri. Dole gumba la kushoto sasa limevimba kama kitunguu, na keki yenyewe sikuiona vizuri.

Kazi niliyokuwa nayo ni kochi la Mwalimu Mstaafu. Alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, na mpaka leo wanaume wenye mvi wakimwona wanachomekea shati. Kochi la watu watatu amenipa mimi. Viti vya mezani amempa Msumari, fundi makochi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Sijali. Kiti cha mezani hata aliyelala anaweza kukitengeneza.

Kazi hii nimeletewa na Kinyozi, rafiki yangu, ambaye saluni yake na karakana yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Mwalimu hunyoa kwake, nywele fupi kabisa. Mtu anayenyolewa hana pa kwenda, kwa hiyo Kinyozi alimsifia kazi yangu kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji, akakubali.

Mimi na Kinyozi tuna utaratibu wetu. Ananinyoa bure kila Jumamosi. Kiti chake cha kunyolea nakitengeneza bure kila kitambaa kikichakaa. Chai ya asubuhi ananunua anayewahi kufika, na mimi nina tabia ya kuchelewa kidogo. Tangu tukiwa shule hatujawahi kulipana hata senti. Watu wengine wana mashamba, mimi nina Kinyozi.

Jioni alifunga saluni mapema akaja kuning'olea pini za kochi, maana kwa dole hili siwezi kufanya kitu. Aling'oa zote. Mimi nilikaa nikimwelekeza, kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mfereji wa nyuma ya kochi vidole vyake vilitoa kitana, kalamu, sarafu kadhaa na kitu kidogo cha njano alichosema ni kishikizo kilichovunjika. Akauliza akiweke wapi. Nikamwambia koponi, pamoja na misumari.

Sarafu nilizitia mfukoni kihalali. Kanuni ya mafundi wa mtaa huu inasema kinachookotwa ndani ya kiti ni cha fundi aliyekifungua, isipokuwa dhahabu na meno ya bandia. Hivyo vinarudi kwa mwenyewe. Kanuni hiyo niliipigania mimi kwenye mkutano wetu, baada ya Msumari kumrudishia mteja sarafu zake ili aonekane mwaminifu. Angetuharibia soko wote. Nilizungumza nikiwa nimesimama juu ya kiti. Nilipigiwa makofi, na Msumari aliinamisha kichwa. Siku hiyo naikumbuka mara kwa mara.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Si kishikizo!

Asubuhi nilimimina misumari mezani, kile kitu cha njano kikabingirika na kuwaka. Hereni. Dhahabu. Nilivaa shati safi, nikaenda kwa Mwalimu.

Nilimkuta anamwagilia maua. Nikampa shikamoo, kisha nikafungua kiganja. Aliweka chini kopo la maji, akakaa kwenye ngazi ya mlango wake, akaanza kulia bila sauti. Sikujua pa kuangalia. Kumbe hereni ile ni ya mama yake. Ilipopotea alimshuku mdogo wake aliyekuwa amekuja kumtembelea, akamwambia usoni, na tangu siku hiyo hawajazungumza. Miaka yote ile mdogo wake hana kosa, na hereni iko chini ya makalio yao. Alisema atampigia simu leo leo, na kwamba hajui ataanzaje.

Kisha akaingia ndani akarudi na bahasha. Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa tena, ila mara hii taratibu. Akasema, "Chukua kijana, usinichoshe." Nikachukua. Aliuliza kama ni mimi niliyeiona. Nikasema ilitokea kwenye karakana yangu, jambo ambalo ni kweli tupu.

Nilifungua bahasha nikiwa nimejificha nyuma ya gari la takataka. Pesa nyingi! Zaidi ya malipo ya kochi lenyewe.

Njiani nilimfikiria Kinyozi kwa haki kabisa. Kwa upande mmoja, kazi alileta yeye, pini aling'oa yeye, na vidole vilivyoigusa hereni ni vyake. Kwa upande mwingine, aliiita kishikizo. Ingebaki mikononi mwake ingekuwa bado ni kishikizo. Juu ya hayo, sisi hatulipani. Nikimpa pesa leo nitakuwa nimeharibu kitu cha tangu utotoni. Kwa heshima ya urafiki wetu nimeamua kunyamaza. Usingizi nina uhakika utakuwa mzuri.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mke wangu ameiona bahasha. Nilikuwa nimeiweka ndani ya gunia la vipande vya sponji, mahali ambapo hajawahi kutia mkono tangu tuoane. Leo ametia mkono. Alitaka kujaza mto.

Nikamweleza yote. Alikuwa anakata vitunguu na hakuinua kichwa. Alisema nusu ni ya Kinyozi. Nikamfafanulia kwamba mimi na Kinyozi hatulipani, na pesa itakuwa tusi. Akasema vizuri, basi nimwambie, akatae kwa mdomo wake mwenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Je, asipokataa?

Nimejaribu njia ya kati. Nilidamka nikamwahi Kinyozi, nikanunua chai mimi, na mayai mawili kwa kila mtu. Alipofika alisimama mbele ya yale mayai muda mrefu. Akaniuliza kwa upole nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni furaha tu. Alikula, lakini kila nilipokohoa aliacha kutafuna akaniangalia.

Kwa mwendo huu wa mayai nitamaliza kulipa nusu yake tukiwa wazee. Na yeye atakuwa ameshakufa kwa wasiwasi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimepata njia! Imenijia nikiwa bafuni, sabuni machoni.

Nusu ya Kinyozi nitampa. Lakini si mkononi. Nitaishona ndani ya kiti chake cha kunyolea. Pesa zitakuwa zake, saluni kwake, kwenye kiti chake. Mke wangu akiniuliza kama nimempa, nitajibu ndiyo, na sitakuwa nimedanganya. Mwakani kitambaa kikichakaa, fundi wa kukifungua kiti ni mimi. Nitazikuta pesa ndani. Na kinachookotwa ndani ya kiti ni cha nani? Amepewa, zimerudi, hakuna aliyedhulumiwa. Nilitamani sana kumsimulia mtu. Bahati mbaya mtu ninayemsimulia mambo ya namna hii ni Kinyozi.

Mchana nilimwambia nataka kumbadilishia kitambaa. Alisema cha sasa bado kina nguvu. Nikasema dole linapona na nataka kulizoesha kazi. Akafurahi, akasema ngoja nikuletee chai.

Nilikuwa nimepanga kuzitandaza noti moja moja chini ya sponji zilale bapa. Lakini Kinyozi, ambaye akitumwa chai husalimia mtaa mzima, leo alirudi moja kwa moja. Nikasikia ndara zake mlangoni. Nikazikunja noti zote kwenye mfuko wa nailoni, nikazisukumiza ndani, nikafunika, nikapiga pini kwa kasi ambayo sijapata kuwa nayo.

Kitambaa ni rangi ya damu ya mzee, mishono miwili pembeni. Kiti kimependeza mpaka Kinyozi alikizunguka mara mbili. Mwisho alisema hana rafiki mwingine kama mimi. Niliona haya kidogo, kisha ikapita.

Jioni mke wangu aliuliza. Nikajibu ndiyo. Chakula kilikuwa kitamu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kiti kimekuwa gumzo. Kinyozi anawaita hata wapita njia wakishike. Mimi nilisimama mlangoni pangu mikono mfukoni, nikapokea sifa.

Kitu kimoja tu. Muuza viatu alitoka saluni na mstari wa paji umepanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Nilidhani ndivyo alivyotaka. Baadaye akatoka mhasibu wa duka la dawa, mtu asiye na mchezo, naye paji lake limeinama. Nilikwenda kuangalia. Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu wa tatu, na yule mtu alikuwa amekaa ameegemea kushoto, bila mwenyewe kujua, kama mtu anayekwepa kitu.

Nikaelewa. Kile kifurushi cha noti kiko upande wa kulia na kimesimama.

Nikamwambia Kinyozi nirudie kiti mara moja, kuna mshono sijaridhika nao. Akanizuia kwa mikono miwili. Alisema nimeshafanya ya kutosha, kiti hakina kasoro, na nikikigusa tena atakasirika.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Zamu yangu ya kunyolewa. Nilikikalia kifundo changu mwenyewe. Kinauma. Lakini kwa kuwa nakijua kilipo nilikaza mwili nikakaa wima, na Kinyozi akanichorea mstari ulionyooka kabisa. Alishusha pumzi. Alisema alikuwa ameanza kuogopa kwamba macho yake yanaharibika, kumbe bado anaona.

Baada yangu akaingia dereva wa lori. Akatoka amepinda.

Kinyozi alinifuata karakana, amekunja kitambaa chake cha shingoni mikononi. Alisema baba yake alianza hivyohivyo, mistari kwanza, kisha nyuso. Nikamwambia si macho, ni kioo. Kioo kimelala upande. Nikakiendea, nikakigongea kabari upande mmoja. Ikawa sasa kioo kimepinda kweli, na anayeegemea kushoto anaonekana kwenye kioo amekaa wima, na Kinyozi akinyoa kwa kufuata kioo anapindisha zaidi. Fundi wa redio ametoka pale na kichwa ambacho hata mimi kilinifanya niinamishe changu ili nimwelewe.

Sikula vizuri mchana. Jioni nilikula.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Kinyozi ameniomba nisome bango la ng'ambo ya barabara, kisha akalisoma yeye, tulinganishe. Alilisoma lote, hata maandishi madogo. Akasema hilo halithibitishi kitu, bango analijua kwa moyo.

Anasema akishindwa kunyoa ataiacha saluni. Kazi nyingine haijui. Alisema hivyo huku anasafisha mashine kwa kile kibrashi chake kidogo, unywele mmoja mmoja. Leo amewarudishia wateja wawili pesa zao. Kesho kutwa anataka kwenda kwa daktari wa macho, na daktari wa macho si bei ya mayai.

Nilimhurumia. Nilifungua mdomo nimwambie. Wakati huohuo akasema hajui angefanyaje bila mimi, nilivyomtengenezea kiti na kioo. Mdomo nikaufunga.

Nitamwambia. Natafuta namna ya kumwambia ambayo ndani yake mimi ni mtu mwema.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Aibu. Naandika kwa kifupi.

Msumari amekuja kunyolewa. Hajawahi kunyoa kwa Kinyozi hata siku moja. Jina lake alilipata kwa wembamba, na pia kwa kuingia pasipotakiwa. Alisema amesikia habari za kiti.

Akakaa. Akanyanyuka. Akakaa tena, pole pole, kama mtu anayeonja mchuzi. Wateja wa kawaida wanakaa tu, lakini fundi akikaa anapima. Kisha akatangaza mbele ya wateja wote waliokuwa wakisubiri kwamba humu mna kifundo, upande wa kulia, chini ya sponji, na kwamba yeye hata alipokuwa anajifunza kazi hakuwahi kuacha kifundo.

Kinyozi alizima mashine. Alimwambia, "Rafiki yangu haachi kifundo." Alisema kwa sauti ya juu, na ningependa ardhi inimeze.

Msumari akatoa koleo mfukoni. Nani anakwenda kunyolewa na koleo? Akasema atafungua bure, tuone. Nikasema hakuna haja, huo ni mtindo mpya, unasaidia kiuno.

Hapo Kinyozi akanigeukia. Akaniuliza kwa hiyo kifundo kipo. Nikaliangalia koleo la Msumari. Akawaangalia wateja, akakiangalia kioo na kabari yangu, akakiangalia kiti. Nilimwona anahesabu mapaji yote yaliyopinda tangu Ijumaa. Akamwambia Msumari afungue.

Msumari alitia mkono akatoa mfuko wa nailoni. Akaukunjua. Zikatoka noti. Akaniuliza kama ni za kwangu. Nikasema ni za Kinyozi. Kinyozi akasema hazijui. Basi nikaeleza, nimesimama katikati ya nywele za watu: hereni, Mwalimu, bahasha, nusu yake. Nilieleza vibaya. Niliyemkusudia mshangao wa furaha akaonekana ni mtu aliyeibiwa.

Na Msumari? Akapanda juu ya kiti. Akaikariri kanuni neno kwa neno, kwa sauti yangu, hata mkono akaunyoosha kama nilivyounyoosha mimi. Kinachookotwa ndani ya kiti ni cha fundi aliyekifungua. Dhahabu haimo, meno hayamo. Akazitia noti mfukoni. Watu wakapiga makofi. Kisha akanunua soda za watu wote, na yangu akaniletea mwenyewe.

Niliinywa. Ilikuwa baridi.

Kinyozi alikuwa amechukua gazeti la wateja, amelishika mbali na uso, anasoma matangazo madogomadogo kwa sauti. Alisoma bila kukwama. Akacheka mpaka akafuta machozi. Anaona! Nami nikacheka, nikadhani yamekwisha. Ndipo akalikunja gazeti, akasema samahani jamani, leo nafunga. Ilikuwa saa sita mchana. Alipita mbele yangu bila kuniangalia.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Niliwahi, nikanunua chai ya watu wawili. Kinyozi hakuja kwenye jiwe letu la mlangoni, tunaponywea chai. Alifungua saluni, akafagia, akaingia ndani. Chai yake ilipoa, nikainywa, ikawa chai mbaya kuliko zote nilizowahi kunywa.

Kupitia ukuta wa mbao nilisikia mashine yake inanguruma siku nzima. Kwa kawaida huwa ananipigia ukuta mara kwa mara kunieleza jambo. Leo hakupiga. Nilipiga mimi mara moja, nikasingizia nilikuwa napigilia kitu.

Nimemwambia mke wangu ukweli wa kiti. Alinitazama, akasema tu kwamba yeye aliposikia nimempa alikuwa amejivunia mimi. Bora angenipigia kelele.

Nimemkosa sana Kinyozi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Amekuja! Na vikombe viwili. Alinipa changu, akakaa.

Akaniuliza nilikuwa nimepanga kumwambia lini. Nikasema mwakani. Nilikuwa nimechoka kudanganya, na sikuwa na uongo uliobaki.

Akauliza, mwakani nani angekifungua kiti. Nikasema mimi. Akauliza, kwa hiyo pesa zilizokuwa ndani ya kiti zingekuwa za nani. Nikaona anakokwenda lakini nilikuwa nimeshachelewa. Nikasema zangu.

Akanywa chai kidogo. Akasema basi Msumari amechukua za kwangu mimi. Zilizobaki kwenye bahasha ndizo za Kinyozi.

Nilitafuta pa kutokea. Nilitafuta kweli, kikombe kizima cha chai. Hamna. Nikaenda kulifungua gunia, nikampa bahasha. Aliipokea, akaiweka mfukoni bila kuhesabu. Ningekuwa mimi ningehesabu.

Kisha akasema pesa hazikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba siku zote zile alikuwa anaamini anakuwa kipofu, na mimi nimesimama naye palepale nampindishia kioo. Alisema kila jioni alikuwa akifika nyumbani anaziangalia sura za wanawe kwanza, azikariri. Nikamwomba radhi. Sikuongeza maelezo, na kwangu hilo si jambo dogo. Akanipiga bega, akasema dole langu linanuka dawa.

Kumbe Mwalimu alikuwa ameshampa yeye habari ya hereni Jumamosi, akiwa ananyolewa, na kumshukuru kwa kumletea fundi mwaminifu. Kinyozi alikuwa anajua! Alikuwa ananisubiri nimwambie mwenyewe. Ndiyo maana, alisema, alipokuwa ananisifia kiti Jumatatu alinisifia zaidi ya kiti chenyewe, anifungulie mlango. Ningemwambia mkono mtupu, angesema weka tu, sisi hatulipani.

Hayo ya mwisho yameniuma kuliko yote. Nusu yake angekataa. Ningebaki na zote.

Kabla ya kuondoka ameniagiza benchi refu lenye mto, la kukaa pale mlangoni, la wateja wake na la chai yetu. Jiwe limemchosha mgongo. Atalipa bei kamili, kutoka kwenye bahasha ileile. Nikaanza kusema sisi hatulipani. Akasema mara hii moja tulipane, yaishe, kisha turudi kwenye kutolipana.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Siku njema kupita zote. Benchi limekwisha.

Mbao ngumu, miguu imekaa sawasawa, mto mmoja mrefu wa rangi ya damu ya mzee ili ufanane na kiti. Kwa kuwa dole bado ni zito, mke wangu ndiye aliyeshona foronya ya mto, jioni nzima kwenye cherehani yake, na mshono wake, nakiri, umenyooka kuliko wangu. Tumelikalia benchi asubuhi mimi na Kinyozi. Tulikunywa chai taratibu. Mapaji yanayotoka saluni yamenyooka. Hata Msumari alipita akaubonyeza mto kwa kidole, akakosa kasoro, akaenda zake kwa Mwalimu kumalizia vile viti vya mezani.

Kinyozi amenilipa. Tena amelipenda benchi mpaka akaongeza cha asante juu ya bei, akasema nimpe na mama watoto, mshono ule ni wake.

Hapa nimefikiri kwa makini, kama mtu aliyepata funzo. Bei ya benchi nimeipeleka nyumbani yote, mke wangu ameihesabu, amefurahi. Kile cha asante ni jambo jingine. Foronya alishona yeye, kweli. Lakini alishona kwa hiari, kwa mapenzi, na mume na mke hawalipani. Nikimpa pesa kwa kunishonea, nitakuwa nimeifanya ndoa yetu duka. Wakati huohuo sitaki kumdhulumu. Nusu yake ni lazima apewe.

Kwa hiyo nimeiweka ndani ya mto wake, ule alioushona kwa mikono yake mwenyewe. Na nusu yangu nimeiweka hapohapo, zifuatane. Safari hii hakuna haraka. Nilisubiri Kinyozi aende kwenye chai, nikazitandaza noti moja moja, bapa, chini ya sponji, upande ninaokaa mimi. Nimekaa, nimenyanyuka, nimekaa tena pole pole. Hakuna kifundo. Msumari mwenyewe hawezi kuhisi kitu. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa la ufundi tu.

Jioni hii Mwalimu amepita akitabasamu. Mdogo wake anakuja kesho, mara ya kwanza tangu wagombane, pamoja na watoto na wajukuu, na nyumbani viti havitatosha. Ameomba aazimwe benchi kwa siku chache. Kinyozi aliniangalia, nami nikasema bila wasiwasi wowote lichukuliwe, nikasaidia hata kulipakia kwenye mkokoteni.

Sina shaka nalo. Mwalimu ni mtu wa utaratibu. Nyumbani kwake hakuna kitu kinachopotea.